Mikoba ya Zamani ya Bastola: Kuikagua, Kuinunua na Kuitunza katika Joto la Dar

Mkoba wa bastola ukiwekwa mezani, mnunuzi mgeni hutazama uso: ngozi inavyong'aa, bizimu, herufi za kwenye kifuniko. Mzoefu huugeuza. Mgongoni, pale mkanda wa kiunoni unapopita, na ndani ya kifuniko, ndiko kwenye habari: nani katengeneza, mwaka gani, kwa bastola ipi, na nani kaja baadaye kuuchezea. Uso kila mtu anaupaka kiwi. Mgongo hauna wa kuushughulikia, ndiyo maana habari zake hudumu. Na kila unachoufanyia mkoba, kuanzia kuupaka mafuta hadi kuushona upya, kinafuta kidogo habari hizo.

Tuanze na sheria, maana hapa ndipo watu hujiponza. Mkoba mtupu si silaha, ila kuna mambo manne ya kuangalia kabla pesa haijatoka mfukoni.

La kwanza ni risasi. Mikoba mingi ya rivolva ina vitanzi vya kuwekea risasi, na mingine ina kipochi cha magazini. Pitisha kidole kote. Ukikuta risasi, hata iliyoota kutu, usiichomoe wala kuisugua. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haijali kwamba ulikuwa unanunua ngozi tu. Waite polisi waichukue. La pili ni mikoba ya mbao, kama ule wa Mauser C96, bastola ya zamani ya Kijerumani, ambao ukiuchomeka nyuma ya mpini wa bastola unageuka kuwa kitako cha begani. Hiyo inaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya silaha, kwa hiyo usiagize wala kununua kabla ya kupata jibu la polisi kwa maandishi. La tatu ni vifaa vya vyombo vyetu vya ulinzi vya sasa. Usiguse. Muuzaji akikunong'oneza kwamba kitu "kimetoka kambini", salamu na uondoke. La nne husahaulika zaidi: ngozi ya mamba, chatu au pundamilia. Wawindaji wa enzi za ukoloni waliipenda, lakini kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hiyo ni nyara ya serikali, na bila kibali una kesi nzito. "Ilikuwa ya babu" si kibali.

Kwa anayeanza akiwa Dar, historia ya mji yenyewe inapendekeza makundi ya kukusanya. Wajerumani walikuwa hapa hadi Septemba 1916, Waingereza wakakaa hadi uhuru wa 1961, kisha zikaja zama za silaha za Kisovieti na za Kichina. Chagua kundi moja ulijue hadi mshono. Anayenunua kila mkoba anaoukuta huishia na kabati la ngozi asizoweza kuzieleza.

Pa kutafuta ni pengi kuliko inavyodhaniwa. Mchikichini, belo za mikoba na mikanda zinapofunguliwa alfajiri, vitu vya ajabu huanguka sakafuni. Wageni wanaohama Masaki na Oysterbay huuza vyombo vya nyumba nzima. Ila ujue kwamba vingi vitakavyoitwa "mkoba wa bastola" sivyo. Kasha la darubini lina umbo la mapipa mawili na bitana laini ndani. Mkoba wa mkasi wa kupogolea miti ni mwembamba, mfupi, na mara nyingi hauna kifuniko. Unaodanganya hata wajuzi ni mkoba wa bastola ya ishara, ile ya kurushia fataki: ni wa kweli, wa kijeshi, una muhuri, ila umepanuka sana mdomoni kwa sababu mtutu wake una tundu la karibu milimita 26. Huo nao una wakusanyaji wake. Tatizo ni kuununua kwa bei ya mkoba wa Luger, bastola maarufu ya Kijerumani.

Njia rahisi ya kuutambua mkoba ni kutengeneza vigezo vya boksi gumu. Chapisha picha ya bastola ya upande kwa ukubwa wake halisi, ibandike kwenye boksi, kata kwa kisu. Urefu wote wa kuanzia ni huu: Luger P08 milimita 222, Walther P38 216, Colt M1911 pia 216, Tokarev TT-33 kama 195, Makarov 161, Webley Mk VI yenye mtutu wa inchi sita 286. Luger ya jeshi la maji ina mtutu wa milimita 150 na ile ya kikosi cha mizinga milimita 200, badala ya kama 100 ya kawaida, kwa hiyo mikoba yao ni mirefu waziwazi. Kigezo kinatakiwa kuingia bila kulazimishwa na kukaa pale ngozi ilipovimba yenyewe kwa miaka ya kubeba chuma. P38 na M1911 zina urefu mmoja, lakini kikinga kidole na mdomo wa mtutu havikai mahali pamoja. Ukitia kigezo kisicho chake utaona ngozi inabonyea upande mmoja na kubaki wazi upande mwingine.

Chukua mkoba wa P08 uone unavyosomwa. Fungua kifuniko: upande wa ndani pawe na kimfuko kidogo cha kifaa cha kufungulia bastola. Kimfuko kikiwa kimekatwa, palipokuwa na mshono patabaki safu ya matundu. Ukingoni kuna kipochi cha magazini ya akiba. Ndani ya mfuko mkuu hupita ukanda ambao ukiuvuta juu huisukuma bastola itoke. Ukanda huu hukatika mapema, na wauzaji wengi hawajui kama uliwahi kuwapo. Sasa geuza. Juu ya vitanzi viwili vya mkanda, au kati yake, tafuta jina la mtengenezaji, mji na mwaka. Mikoba ya Vita vya Kwanza kwa kawaida ni ya kahawia. Ya Vita vya Pili mingi ni myeusi, ina muhuri wa ukaguzi wenye herufi WaA na namba, na kuanzia miaka ya 1940 jina la kiwanda hufichwa kwa herufi tatu ndogo. Mkoba ulioandikwa P.38 ukiwa na mwaka 1935 ni kanyaboya, kwa kuwa bastola hiyo iliingia jeshini 1938.

Mikoba ya Kiingereza ni rahisi zaidi kwa mwanafunzi. Mkoba wa turubai wa mtindo wa 1937 hupigwa muhuri wa wino ndani ya kifuniko: herufi za kiwanda, kwa mfano M.E. Co. kwa Mills Equipment Company, mwaka, na mshale mpana wa serikali. Mshale ukiwa ndani ya herufi C ni wa Kanada. Ukiwa ndani ya U ni wa Afrika Kusini. Wa wanajeshi wa vifaru ni mrefu, una kamba ya kufungia pajani na vitanzi sita vya risasi mbele. Turubai likiwa na rangi ya unga ya kijani iliyoganda, hiyo ni rangi ya askari mwenyewe aliyoipaka kabla ya gwaride. Iache. Ukiiosha umeondoa nusu ya thamani na huirudishi.

Mkoba wa Kimarekani uitwao M1916, wa bastola ya M1911, una herufi US ndani ya duara la yai kwenye kifuniko, na kiwanda na mwaka mgongoni, mfano BOYT 42. Ukiwa mweusi, chungulia ndani: nusu ya pili ya miaka ya 1950 jeshi lao lilihama kutoka ngozi ya kahawia kwenda nyeusi, na ya zamani ikapakwa rangi. Kahawia ndani na nyeusi nje si ubovu. Ni historia ya kweli, ingawa bei inashuka.

Kuhusu feki, beba vitu vitatu: kioo cha kukuzia, sumaku ndogo, na ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti ambayo Kariakoo inauzwa kila kona. Umulike mkoba gizani, hata chini ya meza. Uzi wa kitani uliopakwa nta hubaki mfu; uzi wa polista wa siku hizi mara nyingi hung'aa kama shati jeupe kwenye disko. Lakini usihukumu haraka. Mshono mmoja unaong'aa unaweza kuwa ukarabati wa fundi viatu, na turubai la kweli lililofuliwa kwa sabuni ya unga litang'aa lote, kwa sababu sabuni hizo zina dawa ya kung'arisha. Kinachotia shaka ni mshono wote wa mkoba wa ngozi kuwaka sawasawa. Uzi usiong'aa nao si cheti, maana wapo wanaoiga kwa kitani.

Sumaku inakuambia kama "shaba" ni chuma kilichopakwa rangi. Kioo ni cha mihuri. Muhuri wa kiwandani uligongwa ngozi ikiwa na unyevu, kwa hiyo kingo zake ni laini na shimo lake lina rangi ileile ya ngozi ya pembeni, pamoja na uchafu wake. Uliogongwa juzi kwenye ngozi kavu una kingo kali, nyuzi za ngozi zimechanika, na chini ni pepesi. Tazama pia uchakavu uko wapi. Mkoba uliotumika huchakaa kwenye ncha, kwenye tundu la kufungia, na mgongoni unaposugua suruali. Wa kuzeeshwa kwa msasa na majani ya chai huchakaa kila mahali kwa kiasi sawa, kama vile ulivaliwa na mtu aliyekuwa akibingirika.

Sasa utunzaji, ambako ndiko Dar inaua mikoba mingi kuliko feki zinavyoua pochi. Ukungu huota unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 65 na kukaa hapo. Hapa siku nyingi za mwaka tuko juu ya hapo, masika ndiyo usiseme. Unalotafuta ni asilimia 45 hadi 55. Usiende chini ya 40, ngozi itapasuka.

Nunua kontena gumu la plastiki lenye mfuniko wa klipu, lita 20, lenye alama ya PP na namba 5 chini yake. Ndani weka gramu 200 hadi 300 za silika, zile punje za kunyonya unyevu, pamoja na kipima unyevu kidogo cha betri. Vile vipakti vya kwenye maboksi ya viatu vinafaa, ila vingi vimeshashiba. Mwaga punje zake kwenye trei, ziweke kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili au tatu, zipoe kwenye chupa iliyofungwa, kisha zitie kwenye mfuko wa pamba. Mchele haufai, unaita wadudu. Mfuko laini wa plastiki unaonata ni mbaya zaidi, unaungana na ngozi. Jaza mkoba kwa karatasi nyeupe isiyo na asidi, kiasi cha kushika umbo tu. Gazeti huacha wino na asidi.

Mkoba ukiota ukungu, usiuanike juani. Jua hukausha uso haraka kuliko ndani na ngozi hujikunja. Uweke kivulini penye upepo siku mbili tatu, kisha nje ya nyumba, ukiwa na barakoa, upige mswaki kwa brashi laini kuelekea upepo unakokwenda. Mabaki futa kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70 iliyokamuliwa, baada ya kujaribu mahali palipojificha, kwani inaweza kung'oa rangi. Spiriti ya taa iliyotiwa rangi isikaribie.

Mafuta ya nazi, kiwi, mafuta ya kwato: acha vyote. Muuzaji atakuambia ngozi "inakula". Haili. Mafuta hulainisha umbo lililoshikwa miaka themanini, huozesha mshono, hufunga mihuri kwa giza, na huleta ule uji wa kijani kuzunguka ribiti. Kijani hicho si kutu tu: mafuta ya ngozi yanaungana na shaba. Ukizidisha mafuta, unakilisha. Kiondoe kwa kijiti cha meno cha mti na pamba kavu, taratibu. Dawa za maji za kung'arishia shaba huacha unga mweupe kwenye mshono ambao hautoki tena.

Ngozi inayoacha vumbi jekundu vidoleni ina ugonjwa mwingine. Asidi imeshaila kutoka ndani na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Kinachosaidia ni kuikamata isimomonyoke: gramu 2 za Klucel G, unga wa selulosi wa kushikanishia ngozi, katika mililita 100 za spiriti safi ya isopropili, iache iyeyuke usiku mzima, paka nyembamba kwa brashi, acha ikauke, rudia mara moja. Kisha usiukunje tena mkoba huo.

Kwa mbawakawa wanaokula ngozi, utawajua kwa matundu na unga laini. Funga mkoba kwenye karatasi, kisha kwenye mifuko miwili iliyobanwa hewa, uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiutoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo hewa ya Dar itageuka maji juu ya ngozi. Umeme ukikatika siku nzima katikati, anza kuhesabu upya.

Na kama una bastola yenye leseni, usiihifadhi ndani ya mkoba wa zamani. Chumvi na unyevu wa ngozi vitaila, na kutu yake itaupaka mkoba.

Kila mkoba upewe namba kwenye kipande cha karatasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba, si gundi wala pini. Daftarini andika namba hiyo, vipimo, mihuri yote kama ilivyo pamoja na makosa yake, ulikoupata, ulicholipa, na kila ulichoufanyia. Piga picha ya uso, mgongo, ndani ya kifuniko na muhuri, taa ikipiga kutoka ubavuni ili herufi zilizofifia zitoe kivuli. Fungua makontena mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, uoke silika upya.