Kanzidata ya mezani itakayouvuka msimu wa korosho

Msimu ukishafunguliwa mwezi wa kumi, karani wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, hana muda wa kukupigia simu akueleze kwamba fomu yako imegoma. Wakulima wako kwenye foleni na magunia, mzani unasoma, na kila kilo inayopita lazima iandikwe. Ndiyo maana programu ya chama cha Newala, Tandahimba au Masasi huwa naijenga wakati wa masika, ikafanyiwe majaribio kabla mikorosho haijatoa maua.

Haya nawaandikia wenzangu wa Mtwara na Lindi mnaotengeneza programu hizi kwa Access au SQLite, zana mbili za kutengenezea kanzidata. Minada ina mifumo yake rasmi, hiyo siigusi. Nazungumzia daftari la ndani la chama: nani kaleta kilo ngapi, za daraja gani, amekopa salfa (dawa ya mikorosho) kiasi gani, na anadai shilingi ngapi. Tarakimu ikikosewa hapo, kuna mzee atakayepunjwa jasho la mwaka mzima.

Anza na majedwali, fomu zisubiri. Mkulima apewe namba yake ya uanachama, na namba hiyo ndiyo iunganishe mapokezi, mikopo na malipo. Jina usilitegemee hata siku moja. Katika kijiji kimoja utawakuta akina Mohamedi Saidi kadhaa, na mmoja wao karani wa jana kamwandika Mohamed, wa leo kamwandika Muhamadi. Namba ya stakabadhi iwekee indeksi isiyoruhusu kujirudia, ili stakabadhi moja isiingizwe mara mbili. Uzito uwe lazima zaidi ya sifuri. Masharti haya yaweke ndani ya jedwali lenyewe, maana kesho atakuja mtu na fomu nyingine, au atabandika data kutoka Excel, na ulinzi ulioweka kwenye fomu yako hautamgusa.

Ukitumia SQLite, kumbuka kwamba haisimamii uhusiano wa majedwali mpaka uiamrishe, na amri hii inatolewa kila programu inapofungua faili:

PRAGMA foreign_keys = ON;

Pia safu uliyoiita INTEGER itapokea maneno bila kulalamika, isipokuwa jedwali umelitengeneza kwa neno STRICT, ambalo lipo tangu toleo la 3.37. Mimi siku hizi sitengenezi jedwali bila hilo neno.

Fedha na tarehe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa yake hayapigi kelele.

Kwenye Access, safu ya namba ina aina nyingi. Aina ya Single haifai kwa fedha kabisa: inashika namba nzima kwa uhakika hadi 16,777,216 tu. Andika 16,777,217 uone, shilingi moja inapotea na hakuna onyo lolote. Aina ya Long Integer nayo inaishia 2,147,483,647. Ukiitazama haraka inaonekana kubwa, lakini piga hesabu: chama kikikusanya tani 1,000, na bei ikawa tuseme shilingi 3,000 kwa kilo, hiyo ni bilioni 3. Jumla ya msimu imeshavuka ukomo, na ukiihifadhi kwenye safu ya aina hiyo itagoma siku ambayo mwenyekiti anaihitaji mbele ya mkutano. Fedha zote weka aina ya Currency, ambayo inabeba desimali nne bila kukosea na ina nafasi ya kutosha kwa chama chochote cha kusini. Kwenye SQLite, hifadhi shilingi kama namba nzima, na uzito uhifadhi kwa gramu, nao namba nzima. Kilo utaionyesha kwenye ripoti.

Tarehe ndiyo mtego mbaya zaidi. Sisi tunaanza na siku, halafu mwezi. SQL ya Access, yaani lugha ya kuulizia data, ikikuta tarehe kati ya alama mbili za #, inaisoma Kimarekani: mwezi kwanza. Kwa hiyo ukiunganisha kueri (swali la kutafuta data) kwa kuchukua kilichoandikwa kwenye fomu, 05/11/2024 itasomwa kama tarehe 11 Mei, na mapokezi ya Novemba hayataonekana. Lakini 13/11/2024 itasomwa sawasawa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Matokeo yake programu inakosea siku 10 za mwanzo wa Novemba, tarehe 11 inaponea kwenye kufanana, tarehe 12 inakosea tena, halafu kuanzia tarehe 13 inapona yenyewe, na karani anaapa kwamba jana ilikuwa inafanya kazi. Dawa ni kuipanga tarehe wewe mwenyewe kabla ya kuitia kwenye kueri:

Format(tarehe, "\#yyyy\-mm\-dd\#")

Kilicho bora zaidi ni kutumia kueri yenye vigezo, ambayo hupewa tarehe kama thamani yake peke yake, usibandike maandishi kabisa. Na unapojaribu, jaribu kwa tarehe 5, usijaribu kwa tarehe 25.

Umeme, waya na faili

Gawa programu mafaili mawili. La nyuma lina majedwali peke yake, linakaa kwenye kompyuta moja ofisini. La mbele lina fomu, kueri na ripoti, na kila karani awe na nakala yake kwenye mashine yake. Watu wakifungua faili moja la mbele kwa pamoja, ni rahisi kuharibika. Nakala wanazopewa ziwe za .accde, ili muundo wa fomu na msimbo visifunguliwe na kuchezewa.

Mashine ziunganishwe kwa waya. Access haivumilii mawasiliano kukatika katikati ya kuandika, na Wi-Fi hukatika. SQLite nayo ibaki ndani ya mashine moja, usiiweke kwenye folda ya pamoja ya mtandao. Mashine yenye faili la nyuma iwe na UPS, betri inayoishikilia umeme ukikatika, hata kama ni ndogo.

Umeme ukikatika, UPS inakupa dakika, haikupi ukamilifu. Mapokezi yanapoandikwa, mara nyingi yanagusa zaidi ya jedwali moja: stakabadhi inaingia, stoo inaongezeka, deni la salfa linapungua. Zifunge hatua hizo pamoja kwa BeginTrans na CommitTrans, amri za Access za kuanza na kukamilisha kundi la hatua, ili ama ziingie zote au isiingie hata moja. Deni likipungua na stakabadhi isiwepo, utatafuta tofauti hiyo mpaka Januari.

Bekapu ya Access ichukuliwe watu wote wakiwa wamefunga programu. Angalia folda: ukiona faili linaloishia .laccdb, bado kuna mtu ndani, au mashine ilizimika ghafla. Nakili kwanza, ndipo ufanye Compact and Repair, amri ya Access ya kubana na kukarabati faili, usianze na Compact. Kagua na ukubwa, kwa kuwa faili la Access halivuki GB 2, na picha za vitambulisho zikiwekwa ndani ya jedwali zitalijaza mapema. Picha zikae kwenye folda, jedwali lishike jina la faili tu. Kwa SQLite kazi ni nyepesi, unaweza kuchukua nakala safi hata programu ikiwa wazi:

VACUUM INTO 'chama-2024-11-05.db';

Fleshi ya bekapu isilale kwenye droo ya meza ileile yenye kompyuta. Katibu aende nayo nyumbani. Na angalau mara moja kabla ya msimu, ichukue fleshi hiyo, ifungue kwenye kompyuta nyingine kabisa, chapisha ripoti ya mkulima mmoja, kisha ilinganishe na stakabadhi zake za karatasi, kilo kwa kilo. Ikilingana, mkabidhi karani programu, pamoja na karatasi yenye jina la folda, nenosiri ndani ya bahasha iliyofungwa, na hatua za kurudisha bekapu zikiwa zimeandikwa kwa Kiswahili anachokitumia yeye.