Jinsi ya Kumtazama Mwigizaji na Kueleza Ulichokiona

Shangazi yangu, aliyekuja Nakuru kutoka Kakamega kututembelea, alinyanyuka jioni moja na kuizima televisheni kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona mama wa kambo katika tamthilia akimnyima mtoto chakula. Asubuhi yake aliniuliza, “Mwanangu, yule mwanamke ana watoto wake kweli? Nao hula vizuri?” Swali hilo lilimhusu mwigizaji, si mhusika, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta njia ya kuwatenganisha wawili hao bila kuidharau hasira iliyomnyanyua shangazi kitini.

Anza kwa kuiandika hisia yako usiku uleule, kabla hujasikia maoni ya majirani, kwa maneno yaleyale yaliyokutoka kinywani. Kisha jiulize ni nani hasa aliyekukasirisha. Ukatili wa mhusika huandikwa katika mswada, na kazi ya mwigizaji ni kuufanya uaminike. Kwa hiyo unapomchukia mhusika mwovu kiasi cha kutaka kuondoka sebuleni, chuki hiyo ni sifa kwa aliyemwigiza. Vivyo hivyo, mhusika mwema unayempenda huenda ameigizwa na mtu ambaye hakufanya lolote zaidi ya kukariri maneno na kuwa na sura ya kupendeza.

Ukishamtenga mwandishi, mtenge pia mhariri wa picha. Yapata miaka 100 iliyopita, mwongozaji wa filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, aliuchukua uso uleule mtulivu wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, akaupanga mara na bakuli la supu, mara na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa hapa na huzuni pale, wakamsifu mwigizaji, ilhali uso haukuwa umebadilika hata kidogo. Muziki wa majonzi hufanya kazi hiyohiyo. Ndiyo maana nashauri ulirudie onyesho moja kwenye simu, sauti ikiwa imezimwa kabisa: uso usipokuambia kitu baada ya muziki kuondoka, basi kilichokuliza ni kinanda. Tamthilia za kigeni zilizotiwa sauti upya zinahitaji hukumu mbili, kwa kuwa uso ni wa mtu mmoja na sauti ni ya mwingine.

Sasa mtazame anayesikiliza, si anayesema, kwa maana hapo ndipo uigizaji wenyewe hukaa. Katika onyesho moja nililolirudia mara nne, mke anammiminia mumewe chai huku akijua kwamba ametoka kwa mwanamke mwingine. Maneno yote ni ya mume. Mke anamimina, kikombe kinajaa, na badala ya kuirudisha thamosi mara moja anaishikilia ikiwa imeinama kwa muda mfupi, kisha analifuta kwa kidole gumba tone lililoangukia meza, polepole, bila kuinua macho. Sikuhitaji kuambiwa kwamba anajua. Mvuke ulionekana pia, nami nililifurahia jambo hilo, kwa sababu nimechoshwa na vikombe vitupu vinavyopelekwa mdomoni kwa wepesi, na masanduku ya wasafiri wanaodaiwa kutoka Malaba yakiinuliwa kama karatasi. Mwili wa mwigizaji unapaswa kuujua uzito wa kitu hata kama kitu chenyewe hakina uzito.

Lafudhi inatudai uangalifu zaidi sisi wa magharibi mwa Kenya, ambao tumezoea kuisikia sauti yetu ikipewa bawabu au yaya ili watu wacheke. Usiishie kusema kwamba lafudhi inachekesha. Sikiliza kama inabadilika mhusika anapoogopa, anapobembeleza au anapodanganya. Marehemu Charles Bukeko, mwenyeji wa Busia aliyefariki Julai 2020, alimwigiza Papa Shirandula katika kipindi cha televisheni cha kuchekesha chenye jina hilo, mlinzi aliyemficha mkewe Wilbroda kazi yake halisi. Kwangu mimi, kicheko kilitoka katika hofu ya kugunduliwa, na matamshi yalikuwa tu namna ya mtu huyo kuzungumza. Heshima ya namna hiyo ni ya kutajwa waziwazi unapotoa maoni yako.

Unapoandika, kitaje kitendo, kitaje kipindi, na useme kilikufanya uamini nini. “Ameigiza vizuri sana” haimfai msomaji wala mwigizaji. Umbo la mtu na ndoa yake nje ya kazi viache kabisa.

Nilimrudishia shangazi onyesho la mama wa kambo, sauti ikiwa imezimwa. Alilitazama kimya hadi mwisho, akaniomba nilirudishe nyuma kidogo, kisha akaigusa skrini kwa kidole na kusema, “Tazama, anaangalia mlango kwanza kabla hajakificha chakula.”