Kupima urithi wa ukinzani wa karanga dhidi ya kutu na madoa ya majani

Somo hili nimeliandika kwa wakulima na wanafunzi wa kilimo wa Muheza, Pangani na viunga vya Tanga, ambako wakati wa masika majani ya karanga hukaa na umande hadi jua linapopanda, nazo kuvu hustawi. Tunachotafuta ni kujua kama shina lililobaki kijani limerithi ukinzani au limebahatika tu.

Hatua ya kwanza ni kuutambua ugonjwa. Geuza jani: vipele vya rangi ya chungwa vinavyoacha unga kidoleni ni kutu. Doa la kahawia lenye duara la manjano juu ya jani ni doa la mapema, na doa linalokaribia weusi upande wa chini ni doa la kuchelewa. Jani lenye kutu hukauka likiwa bado limeshika kwenye tawi, ilhali madoa huliangusha. Msichanganye hesabu za magonjwa haya, kwa sababu ukinzani dhidi ya moja si lazima uwe ukinzani dhidi ya jingine.

Hatua ya pili, pandeni mistari ya mbegu inayoshambuliwa kwa urahisi katikati ya mistari mnayoipima, ili kila shina lifikiwe na vijimbegu vya kuvu. Bila mistari hiyo, mtu hutunza mbegu ya shina lililokwepa ugonjwa, kisha masika yanayofuata humwumbua. Yamenikuta mimi mwenyewe.

Hatua ya tatu ni kupandanisha. Chagueni mama mwenye punje ya rangi ya maziwa ya chai, na baba mkinzani mwenye punje nyekundu. Ua la karanga hufunguka alfajiri likiwa tayari limejichavusha, kwa hiyo viungo vya kiume viondolewe jioni ya kuamkia siku hiyo kwa koleo ndogo, kisha chavua ya baba ipakwe asubuhi na mapema. Fungeni uzi kwenye kifundo, na ondoeni maua mengine yote yaliyo karibu. Kazi hii inataka mkono mwepesi, na nimeona wanafunzi wa kike wakiiweza haraka kuliko sisi wazee.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha somo. Kizazi cha kwanza kiacheni kijichavushe, kisha pandeni kizazi cha pili na kupa kila shina alama kuanzia 1, yaani jani safi, hadi 9, yaani karibu majani yote yameharibika. Ikiwa ukinzani unatokana na jeni (chembe ya urithi) moja inayojificha, yaani isiyoonekana mpaka mmea uirithi kwa wazazi wote wawili, shina moja kati ya 4 litakuwa kinzani. Zikiwa jeni mbili za namna hiyo, ni moja kati ya 16. Hapa ndipo shamba dogo linapodanganya: ukipanda mashina 20 tu, katika hali hiyo ya pili, uwezekano wa kutopata hata shina moja kinzani unazidi robo. Pandeni 80 au zaidi. Alama zikitawanyika kuanzia 2 hadi 8 bila kugawanyika makundi, basi jeni ni nyingi na kila moja inachangia kidogo, jambo la kawaida kwa doa la kuchelewa. Angalieni pia umri, kwani shina linalochelewa kukomaa huonekana kijani hata kama halina ukinzani wa maana.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo bwana shamba. Nimepandanisha kama ulivyoelekeza, lakini punje nilizovuna zina rangi ileile ya mama. Je, nimeshindwa?

Jibu: Marahaba. Hujashindwa bado. Ngozi ya punje ni mwili wa mama, kwa hiyo haiwezi kuonyesha baba ni nani. Panda punje hizo. Kwa kuwa wekundu mara nyingi hutawala, shina la chotara wa kweli litazaa punje nyekundu.

Swali: Ukinzani huu utadumu miaka mingapi?

Jibu: Idadi ya miaka siwezi kukuahidi. H. H. Flor, aliyechunguza kutu ya mmea wa kitani huko North Dakota, Marekani, alionyesha kwamba kila jeni ya ukinzani katika mmea ina jeni inayolingana nayo katika kuvu. Kuvu ikibadilika kwenye jeni hiyo moja tu, ngao yenye jeni moja huanguka. Ndiyo maana watafiti walikwenda kuchota jeni nyingine kwa karanga mwitu aitwaye Arachis cardenasii, ambaye ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) 20 wakati karanga yetu ina 40. Chotara wao huwa na 30 na ni tasa, mpaka kromosomu zake ziongezwe maradufu. Aina ya GPBD 4 ya India ina ukoo huo.

Swali: Mwalimu, karanga isiyoshika kutu itakuwa salama pia kwa sumukuvu?

Jibu: Hapana. Sumukuvu hutokana hasa na Aspergillus flavus, kuvu ya udongoni inayoingia kwenye ganda, hasa ukame unapobana mwishoni mwa msimu au karanga zinapocheleweshwa kukauka. Jeni za majani hazihusiki huko. Vuneni kwa wakati, anikeni juu ya chanja au turubai, na tupeni punje zilizosinyaa au kuota ukungu.