Godoro la mwili unaouma: jinsi ninavyolinunua na wagonjwa wangu Kisumu

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Kisumu. Swali ninaloulizwa zaidi huja mgonjwa akishavaa viatu na kushika mlango: "Daktari, ninunue godoro gani?" Zamani nilikuwa najibu bila kufikiri, "Nunua gumu." Hata mama yangu mzazi nilimnunulia gumu, na nyonga yake ya kulia ikaona cha mtema kuni. Wiki ya pili akawa analala kwenye kochi sebuleni, akisema lile godoro langu ni zuri sana, liwekwe la wageni.

Tangu hapo nimezunguka madukani na wagonjwa wengi. Tunafanya hivi.

Hatua ya 1: Andika unavyoamka

Kwa siku tatu kabla ya kwenda dukani, andika kila asubuhi: umeamka ukiwa umelalia upande gani, panauma wapi, na maumivu yamechukua muda gani kupungua baada ya kusimama. Ukiona yanaisha ukishatembea kidogo na kunywa chai, kisha ukilala ugenini yanakuwa nafuu, hapo shuku godoro lako.

Lakini kama maumivu ya mgongo yanakuja na homa, kukonda bila sababu, ganzi kati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo, achana na godoro. Nenda hospitali leo.

Hatua ya 2: Kagua kitanda kwanza

Nimeshaona watu wakitupa godoro lisilo na kosa. Inua godoro uangalie chaga. Zimepinda? Kuna iliyovunjika ikafungwa kwa kamba? Nafasi kati ya chaga na chaga ikizidi upana wa vidole vinne, sponji huzama humo polepole na mgongo unafuata. Mafundi wa vitanda pale soko la Kibuye watakuongezea chaga kwa pesa kidogo kuliko godoro lolote.

Ukiwa hapo, pima ndani ya kitanda kwa futi kamba. Kitanda cha fundi kinachoitwa "nne kwa sita" si lazima kiwe nne kwa sita. Na kama magoti au nyonga ndizo zinazosumbua, pima pia kimo. Ukikaa ukingoni, nyayo zikanyage chini vizuri na magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Godoro la inchi 8 badala ya 6 linaweza kukupa kimo hicho bila kugusa kitanda.

Hatua ya 3: Tenganisha uzito na ugumu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Plastiki ya godoro imejaa maneno: hai densiti, hevi dyuti, othopediki. Densiti ni uzito wa sponji kwa kila mita moja ya ujazo. Inakuambia godoro litadumu kiasi gani kabla ya kufanya shimo. Haikuambii ni gumu au laini. Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu kama ubao, ukailalia dukani ukaipenda, na baada ya miezi michache ukawa unalala kwenye mtaro. Neno "othopediki" nalo usilichukue kama cheti cha daktari; ni neno la kuuzia. Mara nyingi ndani yake kuna tabaka la vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa, zito na gumu sana.

Dawa yake ni mizani. Mimi hubeba ile ndogo ya kuning'iniza, kama ya wauza samaki. Chukua godoro la sponji tupu, futi 4 kwa 6, unene wa inchi 6, yaani nusu futi. Zidisha 4 mara 6 mara 0.5, unapata futi za ujazo 12. Gawanya kwa 35.3, yaani futi za ujazo zilizomo katika mita moja ya ujazo, unapata mita za ujazo 0.34. Sasa pima uzito. Likiwa kilo 5.4, densiti yake ni kama 16, na hilo mimi simpi mtu mzima mwenye maumivu. Likiwa kilo 8.5, densiti ni 25, tunaweza kuzungumza. Mtu wa kilo 90 kwenda juu namtafutia 30. Hesabu hii haifai kwa godoro la springi wala lile la vipande vilivyogandishwa.

Mara ya kwanza nilipotoa mizani, muuzaji aliniuliza, "Mama, unanunua godoro ama unanunua samaki mbuta?" Tulicheka, lakini alilishikilia tupime. Anayekataa kabisa kupimiwa, mimi huaga nikaenda duka linalofuata.

Kuhusu ugumu: mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti wa Uhispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Baadhi walilalia magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, wa ugumu wa wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Ningeusoma mapema, mama asingelala kwenye kochi.

Hatua ya 4: Lala dukani, tena ulale kweli

Nenda saa tatu asubuhi, kabla jua la Kisumu halijakumaliza nguvu. Kunywa dawa zako za kila siku kama kawaida, ila usiongeze ya maumivu kwa ajili ya safari, itakudanganya. Nenda na mtu mmoja anayekujua, asiye na haraka.

Madukani magodoro hupangwa kumi kumi kama chapati. Ukilalia la juu, yote ya chini yanabonyea pamoja nawe na utaona laini. Omba lishushwe liwekwe juu ya kitanda chenye chaga, au sakafuni ukiweza kuinuka. Vua viatu, geuka kwa namna unavyolala nyumbani, kaa hapo dakika kumi. Najua ni aibu, watu wanapita. Weka leso juu ya uso kama inakusaidia.

Ukilala ubavu, mwenzako asimame nyuma yako aangalie uti wa mgongo. Uwe umenyooka. Kiuno kikining'inia na bega likikujia shingoni, ni gumu mno kwako. Nyonga ikizama, ni laini mno. Ukilala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita bila kugusa kitu, ni gumu. Kikikataa kuingia, umezama. Mwisho, jigeuze na uinuke bila kushikwa mkono. Kwa mwenye baridi yabisi au aliyepata kiharusi, jaribio hilo la kuinuka lina uzito kuliko mengine yote, maana godoro laini sana humnasa.

Hatua ya 5: Ugonjwa wako unadai nini zaidi?

*Pumu.* Fungua godoro jipya, liache mahali penye hewa siku mbili harufu ya kiwandani iishe. Nunua foronya nzito ya kufunga zipu inayolifunika lote, na ufue shuka kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzi 60. Usikubali la mtumba. Wadudu wa vumbi wa mwenyewe wa zamani utakuwa umewanunua pia.

*Kiungulia cha usiku.* Hakuna godoro la kukitibu. Inua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa kwa matofali, sentimita 15 hadi 20, na ulalie ubavu wa kushoto. Mito mingi hukunja tumbo tu.

*Mgonjwa asiyeweza kujigeuza.* Hapa niwe mkali kidogo. Hata godoro la bei gani haliondoi kazi ya kumgeuza kila baada ya saa mbili. Kila siku kagua visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio, usije ukakuta vidonda vya kulalia vimeanza. Vitabu vinasema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha. Gusa. Tafuta mahali palipo na joto, pagumu au peusi zaidi ya pembeni. Ukipata, mwondolee uzito hapo na umwite muuguzi. Lile la hewa lenye pampu linasaidia sana, ila uliza kwanza stima ikipotea linabaki na hewa kwa muda gani, na uwe na godoro la sponji chini yake. Kwa mkojo, tandika makintoshi, ile shuka ya mpira isiyopitisha maji, juu ya shuka la chini, kisha kitambaa cha kunyonya.

Hatua ya 6: Lipa, beba

Tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Lipa kwa M-Pesa na bado udai risiti yenye ukubwa, unene na masharti ya waranti, kwa sababu ujumbe wa simu hauonyeshi ulichonunua. Uliza: likibonyea inchi ngapi ndipo mnabadilisha?

Tuktuk itabeba la sponji likikunjwa kwa muda mfupi. La springi lisikunjwe kamwe, tafuta pikapu. Na wewe mwenye mgongo usinyanyue upande wowote, hata kidogo tu, hata kama kijana wa mkokoteni anakutazama vibaya.

Hatua ya 7: Wiki za kwanza

Mwili huchukua wiki mbili au tatu kuzoea. Endelea na daftari lako la hatua ya kwanza. Maumivu yakizidi baada ya hapo, rudi dukani na risiti. Kila mwezi zungusha godoro, kichwani pawe miguuni.

Halafu ondoa ile plastiki. Najua wengi huiacha godoro lisichafuke, lakini kwa joto la hapa utalala kwenye jasho lako na ngozi italainika ichubuke. Mama yangu alikataa katakata. Tulibishana siku nzima, mwishowe tukaikata, akabakisha kipande cha upande wa miguuni ambacho mpaka leo kinalia kila akijigeuza.