Somo: Kukusanya historia ya kazi mtaani kwenu, hadi izae kikundi

Shuleni tuliandika hivi: Waingereza walianza Mpango wa Karanga, wa mashamba makubwa ya karanga, 1947, Nachingwea ikafyekwa, Mtwara ikapewa bandari na reli, 1951 mpango ukafutwa. Nukta. Aliyebeba mawe ya gati hayumo. Reli iling'olewa, lakini waliokuja kwa kazi hizo wengi hawakuondoka, wakajenga mitaa. Somo hili ni la kuwatafuta hao na watoto wao, halafu mfanye jambo la pesa na mtakachosikia. Mimi nimejaribu mara mbili, ya kwanza niliiharibu.

1. Chagueni kazi, siyo mtaa. "Historia ya Chikongola", kata ya hapa Mtwara mjini, ni pana mno, mtaishia kuorodhesha wenyeviti. Chagueni moja: ukuli, ubanguaji korosho, ufundi wa mitumbwi, kusuka makuti.

2. Anzeni kwa mjumbe. Bila yeye mtadhaniwa mmekuja kupima viwanja, na milango itafungwa. Ombeni ruhusa ya kurekodi, na mzee aseme "nimekubali" ndani ya rekodi yenyewe. Jioni hiyo hiyo mhamishie sauti kwenye simu ya pili. Zangu za mara ya kwanza zilikuwa kwenye simu moja, nayo ilinitoka mfukoni nikiwa kwenye kivuko cha Msangamkuu. Samaki ndio wanaijua historia hiyo.

3. Ulizeni mikono. Hapa msiwe na haraka. Ukiuliza "maisha yalikuwaje?" utajibiwa "magumu, mwanangu", basi. Kuna bibi aliyebangua korosho kiwandani miaka mingi. Kila nikienda ananiambia "tulifanya kazi tu". Siku moja nikamwekea korosho ghafi kiganjani. Akanyamaza, akaigeuza, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshono wake, akasema: "Hii haijakauka. Ukiibangua itakuvunjikia." Kuanzia hapo sikupata nafasi ya kuuliza. Akanieleza walivyopaka majivu vidoleni kwa sababu mafuta ya ganda yanachuna ngozi. Akaeleza kwa nini korosho nzima wanaziita "mia tatu ishirini" (zikipimwa ratili moja, haziwi zaidi ya idadi hiyo), na kwa nini vipande bei yake ni ya kusikitisha. Ule ulikuwa ufundi mzima wa biashara, umekaa barazani haujaulizwa.

Swali la pili ni la msaada: mtu akiumia, akifiwa, mshahara ukichelewa, nani alitoa nini? Mtasikia habari za upatu. Wenye kumbukumbu ndefu watawapa za vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti. Watu wanakumbuka sare na ngoma tu, wakati wanachama wa vyama hivyo walikuwa wakizikana. Ulizeni nani alishika pesa na aliyechelewa alitozwa nini. Hiyo ni nusu ya katiba ya kikundi chenu.

4. Rudisheni mlichokusanya. Kaeni jioni moja, wazee wasikie rekodi na wakosoe. Wanawake wapewe kikao chao, la sivyo wanaume watajibu kwa niaba yao. Kisha chukueni daftari, mpige mistari: ujuzi gani, nani anao, kifaa gani, nani atanunua. Penye pengo kwenye mnunuzi, ruka.

5. Uzeni kidogo kwanza. Kilo chache, stendi, wiki moja. Mkiona inaenda, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkajisajili. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Ila kudaiwa kabla hujauza hata mfuko mmoja, hapana.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Niko Lindi, babu zetu walikuwa mashamba ya mkonge, na mkonge umekufa. Tushike nini?*

Marahaba. Ulizeni kadi ya kipande, ile ya siku 30 za kujaza ndipo ulipwe. Aliyebishana na mnyapara kuhusu siku iliyorukwa anajua kutunza hesabu. Mwekeni awafundishe wahasibu wenu.

*Mzee wetu anataka alipwe ndipo aongee.*

Ana haki, mmemlia siku yake. Mpeni nauli na chai, na muandike kabisa kwamba ujuzi wake ukiuzwa ana fungu. Msimnunulie hadithi, atairefusha.

*Kwa nini tusifungue duka tu, mambo ya wazee ya nini?*

Fungueni. Kule Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 watu 28, baadhi yao wafumaji, walifungua duka la siagi, sukari, unga na mishumaa. Lakini walijua ugonjwa wa mtaa wao: maduka yaliuza vyakula vilivyochanganywa takataka. Ninyi waulizeni wazee duka gani hapo kwenu lilikufa, na daftari la mikopo lilikuwa na majina ya nani.

*Yule bibi wa korosho amefundisha mtu?*

Wasichana wanne. Wawili waliacha wiki ya kwanza, vidole vimechubuka. Glavu nilizisahau mimi.