Somo: Kupanga njia za sauti za ukumbi wa mikutano ili walioko mbali wasirudishiwe sauti yao

Mafundi wenzangu wa Tanga wameniuliza swali hili mara nyingi mno: ukumbini panasikika vizuri, lakini walioko Dodoma wanasikia sauti zao zikiwarudia. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Chora karatasini kila maikrofoni, kila spika na namba ya tundu lake.

2. Katika programu ya mtambo wa kuchakata sauti, ipe kila njia jina la mahali ilipo.

3. Washa volti 48 kwa maikrofoni za kondensa pekee (zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi), spika zikiwa zimezimwa.

4. Pima kiwango cha kuingia mtu akiwa ameketi na kuongea kama aongeavyo mkutanoni.

5. Katika jedwali la miunganisho, linaloonyesha kila sauti inayoingia inapelekwa wapi, peleka sauti ya mbali kwenye spika, na maikrofoni kwa walioko mbali. Kisanduku kinachokutanisha sauti iliyotoka mbali na njia inayokwenda mbali kibaki kitupu.

6. Chagua rejea ya kifuta mwangwi, yaani sauti ambayo kinapaswa kuiondoa kwenye maikrofoni. Hapa nilikosea mimi mwenyewe, katika ukumbi mmoja wa Raskazone. Ukumbi ulikuwa mrefu, hivyo maikrofoni za meza nilizipitisha pia kwenye spika za nyuma, kisha nikaufanya mchanganyiko huo wote kuwa rejea. Kifuta mwangwi hulinganisha kinachoingia kwenye maikrofoni na rejea kiliyopewa, na kuondoa kinachofanana. Kwa hiyo kilianza kuifuta sauti ya mwenyekiti, na walioko mbali wakapata vipande vya maneno tu. Rejea iwe sauti ya walioko mbali, pamoja na ya video ikiwa inachezwa ukumbini, lakini maikrofoni za humo zisiwemo kamwe. Ukiwa na maikrofoni 8, zikague zote 8, kwa sababu moja iliyosahaulika inatosha kurudisha mwangwi.

7. Hifadhi mpangilio ndani ya mtambo wenyewe, kisha zima umeme na uwashe, uone kama umerudi.

Maswali ya mafundi wenzangu (kila mmoja ametajwa kwa mahali alipo)

Muheza: Nimebadilisha spika zote na mwangwi bado upo. Nifanyeje?

Jibu: Soma hatua ya 5 na ya 6. Spika hazikuwa na kosa.

Chumbageni: Samahani fundi, kwa nini mwangwi wausikie wao ilhali kosa ni letu?

Jibu: Umeuliza jambo la msingi, dada. Sauti yao hutoka kwenye spika zetu, huingia kwenye maikrofoni zetu na kuwarudia ikiwa imechelewa. Sisi tunaisikia mara moja tu, ndiyo maana hatushtuki. Mwombe mmoja wao ahesabu taratibu huku ukizima maikrofoni moja moja. Mwangwi utakapokoma, njia yenye kasoro umeshaipata.

Ngamiani: Mimi huunganisha kila kisanduku na mambo yanakwenda.

Jibu: Yanakwenda kwako, ndugu. Waulize walioko upande wa pili.

Chumbageni: Na kifuta mwangwi cha programu ya mkutano kwenye kompyuta, kibaki?

Jibu: Kizime ikiwa inaruhusu, kwa sababu vifuta viwili vikifuatana huharibu maneno pale watu wawili wanapoongea kwa pamoja.

Pangani: Maikrofoni moja inakwaruza hata baada ya kupanga upya.

Jibu: Hilo halitatuliwi kwenye programu. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi. Chomoa plagi, utazame pini zake 3, na ukiona ukungu wa kijani zifute kwa spiriti, uache zikauke kabla ya kuchomeka.