SOMO: Vihusishi vya wakati kwenye Kiingereza (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, salaam. Kila wiki inboksi naulizwa lile lile: eti ni in Monday au on Monday? Nimechoka kuandika jibu moja kwa kila mtu. Naliweka hapa, atakayeuliza tena nampa linki.

1. Saa: at. At 7 o'clock, at noon, at midnight.

2. Siku na tarehe: on. On Monday, on 26 April, on my birthday.

3. Mwezi, mwaka, majira: in. In June, in 1964, in the dry season.

Siku ikiingia, in inaondoka. Chukua uhuru wa Tanganyika: in 1961, in December 1961, lakini on 9 December 1961. Mwezi na mwaka bado vipo pale, ila tarehe imeshika usukani.

4. Vipande vya siku: in the morning, in the afternoon, in the evening. Usiku umejitenga: at night. Ukitaja siku yenyewe, on inarudi: on Monday morning, on Friday night.

5. Mbele ya last, next, this na every usiweke kitu. "On last Monday" imejaa kwenye barua za kuomba kazi ninazoletewa nizipitie.

6. By na until. Hapa tulia, maana ndipo watu wanapoumia. Kijana mmoja anayepeleka watalii mbugani alimwandikia mgeni: "Please be in the lobby until 6 a.m." Alitaka kusema ikifika saa kumi na mbili mgeni awe ameshashuka mapokezi. Mgeni akaelewa akae pale, ikigonga saa kumi na mbili aende zake. Gari limefika, mgeni karudi chumbani kulala. Alitakiwa aandike by 6 a.m.

Jiulize: jambo linaendelea muda wote huo, au linafanyika mara moja kabla muda haujaisha? Likiendelea ni until: The shop is open until 9. Likifanyika mara moja ni by: Pay by Friday, hata ukilipa Jumatano uko salama. Kinachotuponza ni kwamba "hadi" yetu inabeba yote mawili. Dawa yangu: kama unaweza kusema "ifikapo Ijumaa", andika by.

ONYO: ukikanusha, zote mbili zinakubalika ila maana zinaachana. "I won't finish until Friday" ni kwamba nitamaliza Ijumaa, si kabla. "I won't finish by Friday" ni kwamba Ijumaa itanikuta sijamaliza. Ukimwandikia bosi, hakikisha unajua umemwahidi lipi.

7. Since na for. Since inataka mwanzo (since 2015), for inataka urefu (for five years). "Since five years" hakuna. Na kitenzi kibadilike: si "I live here since 2015", ni "I have lived here since 2015".

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Somo zuri mkuu. Sasa ni in Monday au on Monday?

Jibu: Hatua ya 2.

Kijana wa Mbagala: Sijaiona.

Jibu: Ipo kati ya ya 1 na ya 3.

Mtata Original: Mbona kwenye muvi wanasema "see you Monday", on haipo? Unatupotosha.

Jibu: Simpotoshi mtu. Kwenye maongezi, hasa Marekani, on huangushwa sana. Mmarekani huyo huyo atasema on the weekend, Mwingereza aseme at the weekend. Kwenye mtihani andika on Monday, usitafute ligi na msahihishaji.

Binti Unguja: Mwalimu, shikamoo. Kwetu usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi baada ya magharibi. Nikimwalika Mzungu niseme on Friday night?

Jibu: Marahaba, swali zuri sana hili. Ukisema hivyo atakuja kesho yake, ubwabwa umekwisha! Kwao siku inaanza saa sita usiku, kwa hiyo mwambie on Thursday night. Na kwa kuwa umegusa huko: in Ramadan na during Ramadan zote sawa. Sikukuu inakwenda kama Krismasi: at Eid ukimaanisha kipindi chote, on the day of Eid ukimaanisha siku yenyewe.

Mama Makorora: Mimi naandikiana na wateja wa nje, saa ndiyo zinanivuruga kuliko hizo in na on.

Jibu: Mama, tofauti ni sita tu. Saa tatu asubuhi ni 9 a.m., saa tatu usiku ni 9 p.m. Andika 09:00 au 21:00, hakuna atakayekosea.

Fundi Simu: Nidandie hapo hapo. Tangazo la kazi linasema mwisho ni "12 a.m. on Friday". Ni Ijumaa mchana?

Jibu: Hapana. 12 a.m. ni saa sita usiku, Ijumaa ndiyo kwanza inaanza. Ukiamka Ijumaa asubuhi wameshafunga. Tuma Alhamisi mchana, mtandao ukisumbua uwe na muda wa kurudia.